Acheni kutuuzia maji ya limau ya Gary

Jumamosi iliyopita nilipoteza saa tatu na shilingi 1,500. Nilikuwa kwenye ukumbi mmoja hapa Nairobi, kongamano la vijana na ujasiriamali, lile la aina mnayoijua: bango kubwa nyuma ya jukwaa, muziki wa kupasua masikio, kikaratasi cha jina kifuani, soda moja na kipande cha keki kikavu. Sikwenda kwa hiari. Rafiki yangu mmoja, mwanaprogramu mwenzangu, alitaka kwenda na hakutaka kwenda peke yake.

Mhamasishaji mkuu (jina silitaji, na hata nikilitaja yuko mwingine kama yeye kila Jumamosi) alipanda jukwaani akatusimulia hadithi ya Gary Vaynerchuk. Mnaijua. Mtoto anazaliwa Babruysk, Belarus, wakati huo ikiwa ndani ya Muungano wa Sovieti. Mwaka 1978, akiwa na miaka miwili hivi, familia inahamia Marekani na kubanana kwenye chumba kimoja huko Queens, New York. Hawana kitu. Mtoto anakua New Jersey, anauza maji ya limau barabarani, kisha kadi za wachezaji wa besiboli. Leo ni tajiri, ana makampuni, ameandika vitabu, analipwa pesa nzito kusimama jukwaani na kuongea. Hapo mhamasishaji wetu akanyamaza kidogo, akatutazama kwa huruma, akasema: kama mtoto mhamiaji asiyejua neno moja la Kiingereza aliweza, wewe uliyezaliwa kwenu una udhuru gani?

Ukumbi ukalipuka. Watu walisimama. Rafiki yangu naye alisimama akapiga makofi.

Sasa, huyu rafiki yangu hakuzaliwa kwao. Yaani kwao si hapa. Alitoka Kivu Kusini akiwa mtoto, pamoja na mama yake na dada zake wawili, wakaandikishwa Kakuma (nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike, mtanisamehe). Kompyuta aliijua kambini, kwenye chumba chenye mashine chache na foleni ndefu. Anaandika JavaScript kuniliko mimi niliyekaa chuo kikuu miaka minne. Tukiwa kwenye matatu tunarudi, akiwa kimya muda mrefu, akaniuliza swali moja tu:

"Ndugu yangu, ule baba ya Gary alipataka karatasi lini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma habari za Gary kwa miaka, na sijawahi kujiuliza.

Nikiri kitu kabla hamjanishambulia. Mimi nilikuwa shabiki. Nilipokuwa chuoni nilinunua bando la usiku ili nipakue video zake, na chumbani kwetu kulikuwa na kijana aliyebandika maneno yake juu ya kitanda kama wengine wanavyobandika aya za Biblia. Kitabu chake cha Crush It! cha mwaka 2009 nilikisoma mara mbili. Sina ugomvi na Gary mwenyewe. Tena yeye huwa anamtaja baba yake bila kuona haya, na anasema waziwazi dukani kulikuwa na nini alipoingia. Ugomvi wangu ni na wachuuzi wa rejareja wa hadithi yake, wanaoikata kichwa na miguu wakatuuzia kiwiliwili.

Hebu tuirudishie kichwa.

Hadithi hii haianzii kwenye meza ya maji ya limau. Inaanzia kwenye Bunge la Marekani, mwaka 1974, kwenye sheria ya biashara. Ndani yake mlikuwa na kifungu kilichopewa majina ya wabunge wawili, Henry Jackson na Charles Vanik, na Rais Gerald Ford alitia sheria hiyo sahihi Januari 1975. Kwa ufupi kifungu kilisema hivi: nchi ya kikomunisti inayowazuia raia wake kuhama isitarajie nafuu za kibiashara kutoka Marekani. Waliolengwa hasa walikuwa Wayahudi wa Sovieti waliokuwa wakinyimwa ruhusa ya kuondoka. Mlango ukafunguka na kufungwa kulingana na siasa za Moscow na Washington, na katika miaka hiyo ya mwisho wa 1970 ulikuwa wazi. Mwaka 1979 pekee walitoka zaidi ya watu 50,000. Wengi walipitia Vienna na Roma, wakakaa huko wakisubiri karatasi, huku mashirika yakiwashughulikia chakula na pango la nyumba.

Familia ya Vaynerchuk ilipita mlango huo. Mwaka mmoja baadaye ulipitwa na familia nyingine kutoka Moscow yenye mtoto wa miaka sita, Sergey Brin. Ndiyo, huyo wa Google. Baba yake, mtaalamu wa hisabati, alipata kazi ya kufundisha Chuo Kikuu cha Maryland. Mwaka 2009 Brin alilichangia shirika la HIAS, lililoisaidia familia yake kuhama, dola milioni moja. Ni shirika hilohilo ambalo baadaye lilifanya kazi na wakimbizi hapahapa Nairobi. Nikamwambia rafiki yangu hayo kesho yake kwa simu. Akasema: "Basi walikuwa na watu wa kuwangojea." Ndiyo. Walingojewa.

Kisha miguu ya hadithi. Baba yake Gary alianza kazi ya kupanga bidhaa kwenye duka la vileo New Jersey, akapanda mpaka akawa na duka lake. Hakuna aliyemuuliza kama ana ruhusa ya kufanya kazi, kwa sababu alikuwa nayo. Gary alipomaliza chuo mwishoni mwa miaka ya 1990 aliingia kwenye duka hilo, ambalo kwa maelezo yake mwenyewe lilikuwa likiuza vitu vya dola milioni 3 hivi kwa mwaka. Akalibadilisha jina, akalipeleka kwenye intaneti mapema kabla ya wenzake, na katika miaka michache akalifikisha dola milioni 60. Hiyo ni kazi kubwa na ninaivulia kofia. Lakini hebu nisaidieni hesabu: kutoka tatu kwenda sitini ni mara ishirini. Kutoka sifuri, mara ishirini ni ngapi?

Angalieni pia mpangilio. Kwanza duka. Kisha duka la mtandaoni. Kisha, Februari 2006, akaweka kamera mbele ya meza akaanza kuonja mvinyo na kuuzungumzia, kipindi baada ya kipindi, mpaka alipokiacha mwaka 2011 baada ya vipindi elfu moja. Jukwaani alianza kuitwa akiwa tayari na cha kusema. Hotuba yake ya New York mwaka 2008 kwenye mkutano wa Web 2.0 ndiyo iliyomtangaza kwa watu wa teknolojia. Kitabu cha Crush It! kikafuata mwaka 2009. Kuongea na kuandika vilikuja mwisho, vikiota juu ya kazi ya miaka kumi. Hapa kwetu tumegeuza. Mtu anaanza kwa kuongea, anaandika kitabu kuhusu mafanikio, na biashara yake ni kuuza tiketi za kusikiliza habari za biashara. Ukimuuliza amewahi kuuza nini kingine anakuambia una roho mbaya.

Haya. Mtasema huyo ni mtu mmoja, na baba yake alikuwa na bahati. Basi tuchukue mwingine, ambaye wahamasishaji hawamtaji sana, nadhani kwa sababu hapendi majukwaa.

Jan Koum alifika Mountain View, California, mwaka 1992 akiwa na miaka 16, na mama yake, kutoka Ukraine. Baba alibaki nyuma. Mama alikuja na madaftari na kalamu za kwao kwenye sanduku ili asinunue vifaa vya shule. Serikali iliwasaidia kupata nyumba ya vyumba viwili. Mama alilea watoto wa watu, kijana alipiga deki kwenye duka la vyakula. Mama alipougua saratani waliishi kwa malipo ya ulemavu. Chakula walinunua kwa vocha za serikali. Mambo ya mitandao ya kompyuta alijifunza mwenyewe kwa kununua vitabu vilivyotumika, akivimaliza anavirudisha dukani. Akapata kazi Yahoo. Mwaka 2009 akaanzisha WhatsApp na mwenzake Brian Acton, na Februari 2014 Facebook ikainunua kwa dola bilioni 19. Mkataba hakuusaini kwenye ofisi ya wanasheria. Aliendesha gari hadi kwenye jengo lililokuwa zamani ofisi ya huduma za jamii, pale alipokuwa akipanga foleni ya vocha, akausaini mlangoni.

Nusu ya wanaosoma hapa wana WhatsApp wazi dirisha la pili sasa hivi. Chunguzeni kilicho chini yake: nyumba ya serikali, vocha ya serikali, malipo ya ugonjwa ya serikali, na kijana mwenye akili kali akisoma vitabu vya kuazima. Ukiondoa vile vitatu vya kwanza, kijana bado ana akili. Lakini anapiga deki.

Najuaje? Kwa sababu jaribio hilo limefanyika, na limefanyika kwetu. Mwaka huohuo wa 1992 kambi ya Kakuma ilifunguliwa kule Turkana. Walioifungua kwa miguu yao walikuwa wavulana kutoka Sudan Kusini, wengi wa umri wa Koum na wadogo kwake, waliotembea kutoka Sudan hadi Ethiopia, wakarudi Sudan, kisha wakaja Kenya. Walikaa Kakuma karibu miaka kumi. Miaka kumi ya mgao wa chakula, shule chini ya mti, na mpira wa vitambaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Marekani iliwachukua zaidi ya 3,000 kati yao.

Mmoja ni Lopez Lomong. Alifika jimbo la New York mwaka 2001. Mwaka 2007 akawa raia, mwaka 2008 akabeba bendera ya Marekani kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing, mwaka 2012 akatoa kitabu chake, na amesimama kwenye majukwaa mengi kusimulia. Mwingine ni John Dau, naye alifika jimbo hilohilo mwaka 2001. Kufikia 2007 alikuwa na kitabu na alikuwa akihutubia watu na kuchangisha pesa za kujenga zahanati kwao. Vijana walewale. Vichwa vilevile, miguu ileile. Kakuma miaka kumi hawakuwa na hata duka la viberiti kwa jina lao, ng'ambo mmoja alikuwa na kitabu baada ya miaka sita, mwingine baada ya kumi na mmoja. Kilichobadilika kati ya hapo na pale ni nini? Mhamasishaji atakuambia ni mtazamo. Mimi nasema walipewa kadi yenye picha yao iliyosema huyu anaweza kukaa, kusoma, kufanya kazi na kufungua akaunti.

Na msidhani waliobaki Kakuma wamekaa wanasubiri. Mwaka 2018 shirika la IFC, tawi la Benki ya Dunia, lilitoa utafiti kuhusu uchumi wa Kakuma. Lilikuta zaidi ya biashara 2,000, na soko la dola milioni 56 kwa mwaka. Ujasiriamali upo. Juni mwaka huohuo ilifanyika TEDxKakumaCamp, ya kwanza kufanyika ndani ya kambi ya wakimbizi, na wakimbizi walisimama kwenye lile zulia jekundu wakazungumza. Kuongea kupo. Na tangu Desemba 2008 kuna KANERE, gazeti la mtandaoni lililoanzishwa na waandishi wakimbizi wenyewe humohumo kambini, wakati ambapo wengi wetu hatukuwa na hata anwani ya barua pepe. Kuandika kupo. Sasa nionyesheni ni motisha gani hawa ndugu wanaikosa ambayo inauzwa shilingi 1,500.

Tuna methali tunayojivunia sana: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tunaitumia kuwasema wageni wavivu. Lakini sisi tumefanya nini na lile jembe? Kijana wa kigeni asiye mkimbizi anayetaka kufungua biashara yake Kenya anaomba kibali cha daraja G. Moja ya masharti ni mtaji usiopungua dola 100,000. Rudieni kusoma hiyo namba. Baba yake Gary angeipata wapi mwaka 1978? Mkimbizi ana daraja lake, M, na Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamtambua kuwa na haki ya kufanya kazi na biashara. Kwenye karatasi ya sheria ni sawa kabisa, na waliopigania sheria hiyo wanastahili heshima. Lakini karatasi ya rafiki yangu inasema anaishi Kakuma, na mtu wa Kakuma anayetoka kambini anatakiwa kuwa na kibali cha safari chenye tarehe ya kurudi. Jembe tumempa, shamba tukalifunga kufuli. Mwaka 2025 Kenya ilikuwa ikihifadhi wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000. Ni majembe mengi hayo.

Mpaka hapa mnaona ninailaumu serikali tu, jambo ambalo halina gharama. Sasa nifike kwangu.

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kwenye kampuni changa ya malipo hapa Nairobi. Nilipewa fomu ya kusajili wateja. Meneja akaniambia: hakikisha namba ya kitambulisho ni halali. Nikaandika mstari mmoja: iwe tarakimu tupu, zisipungue saba, zisizidi nane. Ikishindikana, ioneshe maneno haya: "Namba ya kitambulisho si sahihi. Tafadhali hakiki." Kwenye hifadhidata nikaiweka safu hiyo kuwa ya namba kamili, ili herufi isiweze kuingia hata kwa bahati mbaya. Nilijisikia mjanja. Nikajaribu kwa kitambulisho changu, ikapita. Cha mama, kikapita. Nikaweka "ABC123", ikakataa. Nikaenda kunywa chai. Kazi nzima ilinichukua dakika kumi na tano, tukiacha chai.

Mwaka jana rafiki yangu alipata kazi ya kutengeneza tovuti ya mteja wa nje. Kazi nzuri, malipo mazuri, na mteja alitaka kulipa kupitia huduma ya kampuni hiyo. Akanitumia picha ya skrini, akiuliza kama najua njia ya kuzunguka. Kadi yake ina herufi na mistari ya mshazari kwenye namba. Chini ya kisanduku, kwa wino mwekundu: "Namba ya kitambulisho si sahihi. Tafadhali hakiki."

Niliitazama ile picha nikiwa nimekaa kitandani. Maneno ni yangu. Hata ile nukta ya mwisho ni yangu, maana nakumbuka nilibishana na mbunifu kuhusu nukta.

Nilimwambia. Alicheka sana, alicheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena: "Kumbe ni wewe!" Yeye alikuwa amefikiria ni serikali.

Pesa zile alizipata mwishowe kupitia laini ya mtu mwingine, Mkenya, anayekata asilimia ishirini kwa kila malipo. Huo ndio ujasiriamali unaostawi kwenye msimbo wangu: wa kukodisha kitambulisho. Nilimpigia mwenzangu wa zamani ambaye bado yuko pale, nikamweleza. Alinitafutia. Kulikuwa na tiketi ya hitilafu hiyohiyo, iliyofunguliwa na mtu wa huduma kwa wateja baada ya mtu fulani kulalamika, na ilikuwa imefungwa kwa maneno mawili: "Wateja wachache." Ni kweli kwamba ni wachache. Wanawezaje kuwa wengi kama mlango hauwaruhusu kuingia wahesabiwe?

Wanaprogramu wenzangu watakuja na majibu yao. La kwanza: sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha. Nimeisoma, ndugu zangu. Ile ya 2009 inaitaka taasisi imtambue mteja wake kwa hati inayoaminika. Haisemi mteja awe Mkenya. Hati ya mkimbizi inatolewa na serikali ya Kenya, ina picha, ina namba. La pili: mfumo wa kukagua unaouliza serikali hauitambui namba hiyo. Basi muweke mtu aikague kwa macho, kama mnavyofanya pasipoti za Wazungu ambazo nazo haziko kwenye mfumo huo. La tatu: ni kazi kubwa. Si kubwa. Ongeza aina ya hati kwenye orodha, badilisha safu iwe ya maandishi, ondoa ule ukaguzi wa kitoto, tuma zisizo za kawaida kwenye foleni ya mkaguzi. Siku mbili. Tatu ukipimia vizuri. Mimi ningeifanya bure kama wangeniruhusu kurudi kugusa msimbo wao, na hawataniruhusu, na wana haki.

Na wapo watakaosema: Wakenya wenyewe hawana kazi, unatuletea wageni? Hao nawakumbusha Wamakonde. Walikuja kutoka Msumbiji tangu miaka ya 1930 kufanya kazi kwenye mashamba ya Pwani. Watoto na wajukuu wao wamezaliwa Kwale na hawakuwa na kitambulisho. Simu walisajili kwa jina la jirani. Oktoba 2016 walianza kutembea kwa miguu kwenda Nairobi kudai, na mapema mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya na kuanza kupewa vitambulisho. Kenya haikuanguka. Vinyago wanavyochonga ni vilevile, ila sasa wanaweza kulipwa kwa jina lao.

Nimalizie kwa jambo lililonifanya niandike haya leo badala ya ile makala ya hifadhidata niliyowaahidi.

Tuna kikundi chetu cha wanaprogramu, watu arobaini hivi, tunakutana mara moja kwa mwezi na kila mara mtu mmoja anazungumza. Hatulipi, hatutozi, chai kila mtu anajinunulia. Baada ya ile Jumamosi nikapata wazo, nikamwambia rafiki yangu: mwezi ujao zungumza wewe. Tuambie ulivyojifunza kambini, ile mbinu yako ya kutengeneza tovuti inayofunguka hata mtandao ukikatika. Alishaiandika, kurasa sita za Kiswahili safi na Kiingereza kidogo, nimezisoma na zimenifundisha kitu. Andika, ongea, watu wakujue, kazi zitakuja. Nilijisikia nikisema hayo nikafanana kabisa na yule wa jukwaani.

Akauliza kama tutatengeneza bango. Nikasema ndiyo, huwa tunaweka jina na picha mtandaoni. Akauliza kama litaonyesha mahali na saa. Nikasema bila shaka, watu watafikaje?

Akakaa kidogo. Kisha akaniambia taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba bango lenye picha yake, jina lake, mtaa wa Nairobi na saa, ni bango la kumwambia kila mtu kwamba hayuko Kakuma.

Nimeondoa picha. Nikapendekeza tutumie jina lingine, akasema jina lingine halitamletea kazi, na hapo pia alisema kweli. Zile kurasa sita ziko kwenye tarakilishi yangu na hataki nizichapishe bado. Mkutano ni wiki mbili zijazo, na kwenye ratiba pale kwenye saa kumi alasiri bado hapana jina.